Wastani wa Watoto wa Raila

Siku ya kuniaga nilipostaafu, vijana wa ofisini walinipa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu, ila herufi moja ilikuwa imekosewa. Nikawaambia herufi hiyo moja ingetosha kunifuta kwenye ripoti. Walicheka kwa adabu tu. Siku hizi wanabonyeza mahali pa kuchagua kijiji, na wastani wa kijiji hicho unajitokeza wenyewe, una rangi na mshale. Mmoja wao, Faith, akaniambia, "Mzee Ambani, hebu tuandikie vile mlikuwa mnafanya hizi vitu kitambo. Si uko na time sasa?" Ni kweli muda ninao. Nimekaa nyumbani wiki tatu, mlango wa jikoni nimeupaka rangi mara mbili, na mke wangu amenikataza kuugusa tena.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shirika letu lilikuwa na kliniki sita ndogo za kupima watoto walio chini ya miaka mitano, nyingine Kibera, nyingine Kawangware. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kongo, Kawangware, pamoja na binamu yangu fundi wa viti, tukiwa tumetoka nyumbani Magharibi na mabegi mawili na imani kubwa kuhusu Nairobi. Nilichukuliwa kuwa karani wa rekodi kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Nikapangiwa kliniki ya kijiji cha Raila, Kibera.

Aliyenipokea ni Mama Awuor. Alikuwa karani wa rekodi pale tangu kliniki ifunguliwe, mama mrefu kutoka upande wa ziwa, mwenye miwani iliyoshikwa na uzi mweusi upande mmoja. Nilimkuta amepiga goti mbele ya mtoto anayening'inia. Mizani yetu ilikuwa ile ya saa, inafungwa kwenye boriti, na mtoto anavalishwa kisuruali cha turubai kinachotundikwa kwenye ndoano. Mtoto alikuwa analia kama anayeuawa. Mama Awuor alingoja, bado amepiga goti, mpaka mtoto akachoka kulia na mshale ukatulia, ndipo akasoma.

"Karani mpya ni wewe?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndiyo, Mama."

"Basi shuka chini. Mizani haisomwi ukiwa umesimama. Ukiisoma kutoka juu unamwibia mtoto, na hana mdomo wa kukushtaki."

Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza kwa magoti. Suruali yangu ya kazini, ambayo ndiyo ilikuwa suruali yangu ya kanisani, ilitoboka mwezi wa pili, nikaenda kununua nyingine kwenye soko la mitumba la Toi.

Kazi ya pili ya Mama Awuor ilikuwa ripoti ya mwisho wa mwezi. Kila mtoto tulimwandikia asilimia ya uzito unaofaa umri wake: mia ni mtoto aliyefika panapotakiwa, na kadiri alivyoshuka chini ya mia ndivyo tulivyopaswa kuwa na wasiwasi. Ofisi ilitaka wastani. Mimi, kwa haraka ya ujana, nikachukua kikokotoo nikaanza kujumlisha rejista nzima kuanzia ukurasa wa kwanza. Mama Awuor akaweka rula juu ya mkono wangu.

"Unatafuta nini?"

"Wastani, Mama."

"Wa nani?"

"Wa watoto."

"Watoto gani? Hapa kuna wa Raila, wa Gatwekera, na wale mama zao wamehama wako Toi huko lakini bado wanatuletea. Kuna wa miezi sita na wa miaka minne." Akatoa kwenye kopo penseli tatu, nyekundu, buluu na kijani. "Sikiza. Ukichukua mtoto wa hapa chini kwa mfereji, na mtoto wa daktari wetu, uwajumlishe ugawe kwa mbili, unapata mtoto ambaye hajawahi kuzaliwa. Huyo ndiye utampelekea uji?"

Alinifundisha kupita rejista mara moja bila kuhesabu chochote, nikitia alama ya rangi tu. Nyekundu kwa Raila, buluu kwa Gatwekera, kijani kwa wengine. Baada ya hapo ndipo unajumlisha rangi moja kwa wakati, unahesabu alama zake, unagawanya. Halafu unarudia kutoka chini kwenda juu, na majibu mawili yasipolingana unaanza upya bila kumlaumu mtu. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Katika miaka yote niliyofanya naye, sikuwahi kumkuta na jibu lisilo sahihi, na nilijaribu sana kumkuta.

Mwaka wa tatu au wa nne hivi, kompyuta ikaja. Iliwekwa ofisi kuu, Kawangware, ghorofa ya kwanza juu ya duka la mbao, hivyo kila asubuhi kabla ya kuiwasha ulipaswa kufuta unga wa mbao kwenye kioo. Mimi nikahamishiwa huko kwa sababu nilikuwa nimesoma kozi ya taipureta Jumamosi kadhaa. Mama Awuor aliniaga kwa kunipa penseli moja, ya kijani, akisema nyekundu bado anaihitaji.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliitwa Mutiso. Alikuwa fundi wa taipureta aliyeona mapema kwamba taipureta zinakufa, akanunua kitabu kinene cha maelezo ambacho hakikuwa na jalada, akakisoma mara nne. Sijui mtu mwingine aliyewahi kukimaliza hata mara moja. Alivaa koti la vumbi kama daktari na alizungumza na kompyuta kwa upole, kama mtu anayemkamua ng'ombe mgeni. Umeme ukipotea ghafla na kazi ya asubuhi nzima ikapotea nao, wengine tulitukana. Mutiso alikuwa anasema tu, "Haya, tuanze tena, na tuhifadhi kila baada ya dakika kumi kama watu wenye akili."

Yeye ndiye aliyenifundisha fomula ya wastani uliochujwa. Nawaeleza kwa sababu ninyi hamuioni tena, imefichwa nyuma ya vile vitufe vyenu. Ilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni jedwali lote, watoto wote wa kliniki zote sita. Ya pili ni safu unayotaka wastani wake, kwetu sisi asilimia ya uzito. Ya tatu ni kipande kidogo unachokiweka pembeni, kinachobeba sharti: juu kichwa cha safu, tuseme Kijiji, na chini yake neno Raila. Kompyuta inapita mtoto mmoja mmoja, inamlinganisha na sharti, anayekubaliana nalo inamhesabu, asiyekubaliana inamruka. Siku mbili za penseli zikawa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

"Ambani," Mutiso aliniambia siku hiyo, "kabla hujagusa kibodi, andika swali lako kwa karatasi. Kwa Kiswahili, ama kwa lugha ya mama yako. Nataka wastani wa uzito, wa watoto wa Raila, walio chini ya miaka miwili. Ukishindwa kuliandika hapo, fomula haitakuandikia."

Akaongeza jambo ambalo nililiandika kwenye kipande cha karatasi nikakibandika ukutani: masharti mawili yakiwa kwenye mstari mmoja, kompyuta inayasoma kama "na", yakiwa kwenye mistari miwili, moja chini ya jingine, inayasoma kama "au". Ukiandika Raila, na chini yake Gatwekera, umesema mtoto wa Raila au wa Gatwekera, yeyote kati yao.

Aibu yangu ya kwanza haikuchelewa. Nilitoa ripoti ya Kongo, mtaa wangu mwenyewe, na Sista Nafula, muuguzi wa kliniki ya Kongo, akapanda ngazi za ofisi yetu na rejista chini ya kwapa.

"Ambani, watoto wangu nusu wameenda wapi?"

"Sista, kompyuta imehesabu wote wa Kongo."

"Wote? Mimi nilipima watu mpaka mgongo ukakataa, na wewe unaniambia hawa ndio wote?"

Tulikaa tukatafuta. Asubuhi rejista iliandikwa na msaidizi mmoja aliyeandika Kongo kwa K. Mchana iliandikwa na mwingine aliyeandika Congo kwa C. Mimi nilichapa kama nilivyoona, halafu nikachuja kwa K. Watoto wote wa mchana walirukwa. Sista Nafula hakunigombeza tena, alicheka mpaka akaketi. Kwa miezi mingi baadaye, tukikutana njiani, alinisalimia, "Sasa, Ambani wa K?"

Nilirekebisha, nikatengeneza orodha ya majina ya vijiji, kila kijiji na tahajia yake moja, nikaisambaza kliniki zote. Tangu hapo mambo yakaenda vizuri, yakaenda vizuri mno. Ripoti zilitoka tarehe tatu ya kila mwezi. Daktari Wangeci, mkurugenzi wetu, mwanamke aliyepima maneno yake kama dawa, alisema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona kazi safi kama hiyo. Nikaanza kutembea na kalamu mfuko wa shati.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo nimelizungushia aya nyingi.

Kliniki ya Raila ilihudumia Raila na Gatwekera pamoja, na kwa muda mrefu ripoti yake ilikuwa moja. Kipande changu cha sharti kilikuwa na mistari miwili: Raila, na chini yake Gatwekera. Baada ya mpango wa uji wa lishe kuanza, Daktari Wangeci akataka kila kijiji kisimame peke yake. Uji ulikuwa unapikwa sehemu mbili tu, Raila ikiwa mojawapo, na aliambiwa na wafadhili achague upya palipo na shida zaidi. Nikafungua fomula ya Raila. Nikafuta neno Gatwekera. Nikachapisha.

Wastani wa Raila ukatoka mzuri, juu kuliko tulivyotarajia. Daktari akaniuliza, "Una hakika, Bwana Ambani?" Nikamjibu, nakumbuka sauti yangu mwenyewe, "Daktari, hii ni kompyuta." Wiki iliyofuata majiko mawili na sufuria kubwa zikatolewa Raila zikapelekwa Kongo.

Siku ya tisa baada ya majiko kuondoka, Mama Awuor akaja Kawangware. Alikuja kwa miguu kutoka Raila, akapitia Toi, akavuka barabara ya Ngong, akashuka mpaka kwetu, na viatu vyake vilikuwa vimekuwa rangi ya udongo. Hakukubali chai. Aliweka nakala ya ripoti yangu mezani, akaibonyeza kwa kidole.

"Hii namba si ya watoto wangu."

"Mama, ni ya Raila. Angalia, nimeandika Raila hapa."

"Kuandika naona. Watoto ndio sioni."

Nikamweleza habari ya jedwali, safu na sharti. Nilimweleza kwa utaratibu wa mtu anayemfundisha mgonjwa namna ya kumeza vidonge, na hadi leo nikikumbuka natamani aliyekuwa akiongea asiwe mimi. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashusha kidole chake mistari sita chini, mahali nilipoandika wastani wa kliniki zote sita kwa pamoja.

"Na hii?"

Nikatazama. Zilikuwa nambari zilezile. Wastani wa Raila na wastani wa watoto wote ulikuwa mmoja, hadi tarakimu ya pili baada ya nukta.

"Hata mapacha hawalingani hivyo," alisema Mama Awuor.

Nilimwita Mutiso. Alikuja na koti lake, akasogeza ile alama inayometameta kwenye kioo pole pole mpaka kwenye kile kipande cha sharti, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Umefuta neno," alisema, "lakini mstari umeuacha." Fomula bado ilikuwa inasoma mistari miwili. Wa kwanza ulisema Raila. Wa pili haukusema kitu. Na mstari usiosema kitu, kwa kompyuta, hauna sharti lolote, kwa hiyo kila mtoto anakubaliana nao. Raila au yeyote. Nilikuwa nimeiuliza mashine wastani wa watoto wote wa kliniki sita, nikaubandika jina la kijiji kimoja.

Mutiso akakipunguza kipande kikawa mstari mmoja. Nambari ya Raila ikaanguka mbele ya macho yetu. Ilikuwa ya chini kuliko zote kwenye ripoti.

Kisha Mama Awuor akasema, "Kesho asubuhi njoo upime na mimi. Si kukuadhibu. Nina watu wachache."

Lakini kabla ya kesho kulikuwa na Daktari Wangeci. Nilikuwa kwenye mkataba wa mwaka, na mwaka ulikuwa unaisha. Nilisimama nje ya mlango wake nikitunga maneno ya kuilaumu programu, na nakiri yalikuwa yanakuja vizuri. Nilipoingia yakanitoka yote.

"Daktari, nimekosea. Wastani wa Raila si ule."

Akaweka kalamu chini. "Kompyuta imekosea?"

"Hapana. Kompyuta ilifanya vile nilivyoiambia."

"Na kweli ni ipi?"

Nikamwonyesha. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akajifuta macho, na nikafikiri sasa ndiyo mwisho. Akasema, "Nami nilikuuliza kama una hakika, badala ya kukuuliza umejuaje. Kaa hapo uandike barua kwa wafadhili. Eleza mstari huo mtupu, usiufiche ndani ya maneno makubwa. Ukimaliza, nitatia sahihi yangu chini ya yako." Nimefanya kazi chini ya wakurugenzi wanne baada yake, wengine watu wema. Sijaona tena mkubwa aliyeweka jina lake chini ya kosa la karani.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Raila, kwa magoti. Mama Awuor hakumwambia mtu chochote, lakini kijiji kina masikio. Akaja mama mmoja, Mama Mercy, niliyemfahamu kwa sababu alikuwa anatoka upande wetu wa Magharibi na tulikuwa tukisalimiana kwa Kiluhya. Alikuwa akifua nguo za watu siku anazoitwa, na siku asizoitwa, uji wa kliniki ndio ulikuwa chakula cha mchana cha mtoto wake. Alimvalisha Mercy kisuruali, akanitazama.

"Wewe ndio uliandika tumeshiba?"

Nilisema, "Ni mimi."

Nilidhani atanitusi, na ningeona afadhali. "Basi soma vizuri hapo," alisema.

Nikasoma. Mercy alikuwa ameshuka tangu mwezi uliopita. Mama Awuor akaniambia nitaje uzito kwa sauti kama kawaida ili auandike, na mara ya kwanza hakunisikia. Ilibidi nitaje mara ya pili.

Majiko yalirudi Raila baada ya siku tano. Sista Nafula aliyarudisha yeye mwenyewe, akiwa na wanawake wawili wa Kongo na mkokoteni, sufuria zimesuguliwa zikang'aa. Nilijua kliniki yake nayo ilikuwa na watoto waliozoea ule uji kwa siku hizo chache, na nilimwambia samahani. Akasema, "Wachukue. Hao ni wa chini kuliko wangu. Lakini nakuambia, Ambani, nitakuja kuwaombea wangu." Na kweli alikuja kuwaombea, mwaka uliofuata, na wastani sahihi mkononi, akapata majiko yake. Mercy alirudi kwenye uzito wake polepole. Nilifuatilia kadi yake mpaka alipofika miaka mitano, jambo ambalo halikuwa sehemu ya kazi yangu na hakuna aliyeniuliza.

Kuanzia hapo tulikuwa na utaratibu: hakuna ripoti ya mwezi inayotoka ofisini kabla mtu mmoja hajahesabu upya wastani wa kijiji kimoja kwa rejista na penseli, bila mimi kujua ni kipi. Mutiso aliupenda sana utaratibu huo. Alisema mashine nzuri haiogopi kuhojiwa. Yeye alituacha kabla ya mwisho wa muongo, akaenda kufundisha kompyuta katika chuo kidogo, na nasikia kile kitabu chake alienda nacho, sasa kimeshonwa kwa uzi wa viatu.

Mama Awuor ndiye aliyenishangaza. Alikuwa amebakiza kama mwaka mmoja astaafu alipokuja ofisini asubuhi moja, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akasema, "Nifundishe."

"Wewe, Mama? Si ulisema hii kitu ni redio isiyo na habari?"

"Niko na swali, na penseli imenishinda."

Nilimpa karatasi. Akaandika swali lake kwa Kijaluo kwanza, kisha akanitafsiria. Hakutaka wastani. Alisema wastani unawajua waliokuja tu. Asiyekuja, nafasi yake kwenye jedwali ni tupu, na fomula inamruka bila kelele. Yeye alitaka majina ya watoto wa Raila ambao mara ya mwisho kupimwa walikuwa chini, na ambao hawajaletwa kwa miezi miwili.

Miaka yote hiyo nilikuwa nimechuja ili nipate nambari. Haikuwahi kunijia kwamba chujio hilohilo linaweza kukupa watu. Tuliweka masharti matatu kwenye mstari mmoja: kijiji, asilimia, tarehe. Alichapa mwenyewe, kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele. Alipobonyeza, yakatoka majina kumi na moja.

Printa ilipomaliza kelele zake alikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akasimama.

"Unaenda wapi, Mama?"

"Kwao. Wewe unabaki hapa na namba?"

Nikachukua koti. Tulifika Raila jua likiwa juu, tukaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Wanne walikuwa wamehama. Mmoja alikuwa mzima kabisa, mnene, analelewa na nyanya yake ambaye alitufukuza kwa kudhani tunauza kitu. Wengine watano tuliwakuta na mama zao kazini, tukaacha ujumbe kwa majirani, na wote waliletwa wiki hiyo. Wa kumi na moja alikuwa mvulana anayeitwa Onyango, katika chumba cha mwisho karibu na reli. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani mama yake alikuwa amelala kitandani, amekonda, anakohoa, na mtoto ameketi sakafuni kimya, akichezea kifuniko cha chupa. Hakulia tulipoingia. Mama Awuor alisema baadaye kwamba hicho ndicho kilichomtisha.

"Nani amewatuma?" mama yule aliuliza.

"Hakuna mtu," Mama Awuor alimjibu kwa Kijaluo, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yangu. "Tuliona hujakuja."

Yule mama alitutazama, akaanza kulia, na Mama Awuor akaketi pembeni ya kitanda akamshika mkono kana kwamba wamejuana miaka mingi. Mimi nilimbeba Onyango mpaka kliniki. Sikuhitaji kupiga goti mbele ya mizani ili kujua alivyokuwa mwepesi. Mama yake alichukuliwa na majirani wanne siku hiyohiyo hadi hospitalini, akatibiwa kifua kwa miezi mingi, akapona. Mtoto alinyweshwa uji na muuguzi wa kliniki, kijiko kwa kijiko, kisha kikombe kwa kikombe.

Mwisho wa mwezi nikatoa ripoti. Daktari Wangeci aliniita.

"Bwana Ambani, wastani wa Raila umeshuka. Tumefanya nini vibaya?"

"Hakuna, Daktari. Tumewaongeza sita ambao hatukuwa tunawaona."

Alitazama ile nambari tena, akachukua kalamu akaipigia mstari chini, si mwekundu wa makosa, wa buluu. "Ipeleke hivyo hivyo," akasema.

Nimeandika ripoti nyingi baada ya hapo, nyingi zikiwa na nambari zinazopanda, na baadhi zimesomwa kwenye mikutano yenye maji ya chupa. Hiyo ya mwezi ule, iliyoshuka, ndiyo pekee niliyoiomba nakala yake nikaenda nayo nyumbani.